Kijani kila asubuhi, nakala hakuna: jinsi ya kupanga kazi za usiku kwenye seva za wateja

“Nina kampuni ndogo ya huduma za kompyuta. Tuko watu watatu na tunahudumia kampuni kumi na nne. Kazi zote za kila siku na kila wiki, yaani nakala rudufu, masasisho, ukaguzi wa virusi, kufuta faili za muda na kuwasha seva upya, nimezipanga zianze saa nane usiku nikiamini hapo hakuna anayefanya kazi. Mwezi uliopita mteja mmoja aliomba tumrudishie faili iliyofutwa, tukakuta nakala ya mwisho iliyo nzima ina wiki tano, ilhali kila asubuhi dashibodi ilionyesha kijani. Mteja mwingine analalamika kwamba seva yake huwa nzito kila Jumatatu asubuhi. Saa gani inafaa zaidi? Ninunue mfumo mkubwa wa usimamizi au niendelee na cron na Task Scheduler? Na masasisho, niyaache yajiendeshe yenyewe kabisa?”

Pole kwa lililokukuta. Afadhali limejitokeza kupitia faili moja kuliko kupitia seva nzima iliyokufa. Umeuliza kuhusu saa, chombo na masasisho, na yote nitayajibu. Lakini nitaanza na swali ambalo hukuliuliza waziwazi, kwa sababu ndilo zito kuliko hayo matatu: imewezekanaje dashibodi ionyeshe kijani wiki tano mfululizo wakati nakala hazikuwepo? Usipolipatia jibu hilo, utazihamisha kazi kutoka saa nane hadi saa tisa, utanunua mfumo mpya, na tatizo litakufuata hukohuko.

Programu ya kupanga kazi, iwe cron ya Linux, Task Scheduler ya Windows au mfumo wa kulipia, haijui nakala rudufu ni nini. Inajua mambo mawili tu: kazi ilianza saa fulani, na ilipokwisha ilirudisha namba fulani. Namba ikiwa sifuri, kazi inahesabiwa imefaulu. Sasa chukua skripti ya kawaida, yaani faili ya amri zinazotekelezwa mfululizo, ya kudurufu hifadhidata. Mstari mmoja unatoa data na kuipitisha moja kwa moja kwa programu ya gzip ili ibanwe. Mstari unaofuata unaandika “imekamilika” kwenye logi, yaani daftari la matukio. Siku mtu akibadilisha nenosiri la hifadhidata, utoaji wa data unashindwa papo hapo. Gzip haina habari. Imepokea kitu kitupu, imekibana vizuri kabisa, imerudisha sifuri. Mstari wa logi nao umeandika “imekamilika” na kurudisha sifuri. Asubuhi unakuta faili mpya yenye jina sahihi na tarehe ya jana usiku. Ukiipima, ina baiti 20.

Sijaiona seva yako, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyotokea kwako. Ila fungua folda ya nakala za mteja yule, zipange faili kwa ukubwa, na uangalie siku ambayo ukubwa ulianguka ghafla au uliacha kuongezeka. Kisha tazama nani alibadilisha nini siku hiyo au siku moja kabla. Mara nyingi jibu liko hapo.

Dawa ya kwanza iko ndani ya skripti zenyewe. Kwenye bash (lugha ya skripti ya Linux), anza na `set -euo pipefail`, ili hatua yoyote ikishindwa, hata ile iliyo katikati ya mnyororo wa amri, skripti nzima ikatike na kurudisha kosa. Kwenye PowerShell (ile ya Windows), weka `$ErrorActionPreference = 'Stop'`, maana bila hivyo makosa mengi yanaandikwa tu na skripti inaendelea mpaka mwisho kana kwamba hakuna kitu. Programu za nje unazoziita kutoka PowerShell zikague namba zake moja moja. Uwe makini hasa na robocopy, programu ya Windows ya kunakili faili: kwake namba 1 ina maana faili zimenakiliwa salama, na kosa la kweli huanzia namba 8. Nimewaona watu wakihangaika wiki nzima na kazi iliyoonyesha 0x1 (yaani namba 1) kumbe ilikuwa inafanya kazi yake barabara, na baada ya kuchoka wakaizima arifa yote. Hapo ndipo hatari ilipoanza.

Dawa ya pili ni kubadilisha kinachokuamsha. Wengi tumezoea kupanga arifa ya kushindwa: kazi ikiharibika, tuma barua pepe. Mpango huo unategemea kwamba kazi iliyoharibika bado ina nguvu za kujishtaki. Mnamo tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni inayowahifadhia watu msimbo wa programu zao, walipoteza data ya hifadhidata yao kuu baada ya mhandisi kufuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala zao za kila siku, walikuta mahali pa kuhifadhia hapana kitu. Programu ya kutoa data ilikuwa ya toleo la 9.2 ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inashindwa. Na barua pepe za cron zilizotakiwa kuwaambia hivyo zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua kwa sababu hazikuwa na sahihi inayotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo mfanyakazi aliichukua kwa mkono muda wa saa sita hivi kabla ya tukio, tena kwa shughuli nyingine kabisa. GitLab wana wahandisi wengi, nanyi mko watatu.

Kwa hiyo geuza utaratibu. Kazi ikimalizika na ikathibitika, itume ishara kwa mwangalizi aliye nje ya seva hiyo, na mwangalizi apige kelele asipoipata ishara kufikia saa fulani. Seva ikizimika, skripti ikifutwa, intaneti ikikatika, nenosiri likiisha muda, yote hayo yataonekana kwa njia ileile moja: kimya. Na usiitume ishara kwa sababu skripti imefika mwisho. Itume baada ya kukagua matokeo: faili ipo, ukubwa wake haujashuka chini ya, tuseme, asilimia 80 ya ule wa jana, na inafunguka. Mara moja kwa mwezi ifanye kazi nyingine irejeshe nakala ya hifadhidata pembeni, ihesabu safu za jedwali kuu, na isome tarehe ya muamala wa mwisho. Tarehe hiyo ndiyo unayoitaka kwenye dashibodi yako. “Data ya karibuni tunayoweza kuirudisha ni ya jana saa nne usiku” ni taarifa. Rangi ya kijani peke yake haikuambii kitu.

Sasa tuje kwenye saa. Saa nane usiku inapendwa kila mahali, na ndiyo shida yake ya kwanza. Nakala rudufu inasoma diski nzima. Ukaguzi wa virusi unasoma diski nzima. Masasisho yanaandika kwenye diski hiyohiyo. Zikianza zote kwa pamoja zinapigana vikumbo, na kazi ambayo ikiwa peke yake ingechukua saa moja inachukua saa tatu. Kama seva kadhaa ni mashine pepe ndani ya mashine moja halisi, msongamano unazidi mara kadhaa, kwa kuwa kila moja inadhani diski ni yake peke yake. Kisha inakuja kazi ya kuwasha upya, ambayo haimwulizi mtu: inakata nakala katikati na kuondoka nayo.

Kuna jambo jingine dogo, lakini linauma. Kwenye nchi zinazobadilisha saa kwa majira, badiliko hutokea katika saa hizohizo. Marekani, kwa mfano, usiku mmoja wa mwezi Machi saa inaruka kutoka 02:00 hadi 03:00, na usiku mmoja wa Novemba saa kati ya 01:00 na 02:00 inajirudia. Kazi iliyopangwa humo inaweza kurukwa au kufanyika mara mbili, kutegemea programu yako. Ukiwa na mteja mwenye seva ya kukodi katika nchi ya namna hiyo, iweke seva kwenye UTC, saa ya kimataifa isiyobadilika kwa majira, au ukwepe saa hizo. Na mkiandikiana ratiba na mteja, andikeni saa kwa mfumo wa saa 24 kama inavyosomeka kwenye seva, 02:00 au 22:00, asije mtu akaingiza 08:00 kwa sababu aliambiwa saa nane.

Basi saa nzuri ni ipi? Hakuna moja ya wote, na ninakuomba uache kuitafuta. Tafuta kwanza mpangilio: kipi lazima kiishe kabla ya kipi. Nakala inatangulia masasisho, ili sasisho likiharibu uwe na pa kurudia. Masasisho yanatangulia kuwasha upya. Ukaguzi wa huduma unafuata baada ya kuwasha upya. Ukishajua hivyo, ipe saa kazi ya kwanza tu, na zinazofuata zianzishwe na kufaulu kwa iliyotangulia. Kwa mteja ambaye watu wake huacha kuingiza data saa tatu usiku, ungeanza kutoa hifadhidata 22:00. Ikithibitika, nakala isafirishwe nje ya jengo. Ikifika na kukaguliwa, masasisho yaanze, halafu seva iwashwe upya, halafu skripti fupi ijaribu kufungua ukurasa wa kuingilia wa mfumo wa uhasibu, iulize hifadhidata swali moja na iangalie kama printa za mtandao zinaitika. Nakala ikishindwa, mnyororo unakatika hapo, seva haiguswi, na wewe unapata habari.

Uwekee mnyororo huo kikomo. Tuseme wafanyakazi wanaingia 08:00. Baada ya 05:00 hakuna kuanza hatua mpya. Bora seva ikae bila sasisho hadi kesho kuliko ianze kujiwasha upya watu wakiwa mlangoni. Weka pia kufuli, ili kazi ya leo isianze ile ya jana ikiwa bado inakimbia. Kwenye Linux `flock -n` inatosha. Task Scheduler ina chaguo la kutokuanzisha kazi ya pili kama ya kwanza haijaisha, nawe hakikisha ndilo lililochaguliwa. Na wateja kumi na nne wasianze dakika moja, hasa kama nakala zao zinaelekea kwenye hifadhi moja. Mpe kila mmoja dakika yake, au tumia `RandomizedDelaySec` ya systemd (programu inayosimamia huduma na ratiba kwenye Linux) ikutawanyie.

Mteja wako wa Jumatatu ninamshuku kwa mambo mawili. La kwanza ni nakala kamili ya wiki: inaanza Jumapili usiku, data imeongezeka tangu ulipoipanga, na sasa inamwagikia Jumatatu asubuhi. La pili ni kompyuta za wafanyakazi. Zilizimwa Ijumaa jioni, zikakosa kazi zote za mwisho wa wiki, na kama umechagua kazi iliyokosekana ifanyike mara kompyuta ikipata nafasi, basi zote zinaiva wakati mmoja Jumatatu zinapowashwa: zinakagua virusi, zinavuta masasisho, zinapeleka nakala kwenye seva. Kuyatofautisha ni rahisi. Fungua historia ya kazi usome saa za kuanza. Ukikuta kazi moja iliyoanza usiku na kuisha 09:40, ni la kwanza, ihamishie Jumamosi. Ukikuta kazi nyingi zilizoanza kati ya 08:00 na 08:15, ni la pili. Hapo ruhusu kuchelewa kwa nasibu kwa saa mbili au tatu, na ukaguzi mzito uende saa za mapumziko ya mchana.

Kuhusu cron, mitego yake ni michache ila ni ya kudumu. Mstari `0 2 13 * 5` hauna maana ya Ijumaa inayoangukia tarehe 13. Unafanya kazi kila tarehe 13 na pia kila Ijumaa. Kazi iliyopangwa tarehe 31 inafanyika miezi saba tu kwa mwaka. Skripti inayokwenda vizuri ukiwa umeingia kwenye seva inaweza kushindwa ndani ya cron kwa sababu njia za kutafutia programu ni fupi zaidi huko, kwa hiyo andika njia kamili. Na seva ikiwa imezimwa saa ile, cron ya kawaida haifidii; anacron, au timer ya systemd yenye `Persistent=true`, hufidia. Task Scheduler nayo huzaliwa na chaguo la kutokuanza kazi kama kompyuta inatumia betri. Kwenye laptopu za wateja, hilo peke yake linaeleza nakala nyingi zilizokosekana.

Je, ununue mfumo mkubwa? Kwa watu watatu na wateja kumi na wanne, naona ndiyo, mtauhitaji, ila si leo. Faida yake ni ya kweli: orodha ya mashine zote mahali pamoja, ripoti ya masasisho, na kutokuingia seva moja baada ya nyingine. Lakini skripti inayodanganya itaendelea kudanganya ndani yake, safari hii kwa wateja kumi na wanne kwa kubofya mara moja. Na mfumo wenye uwezo wa kufanya chochote kwenye mashine za wateja wako wote ni mlango mmoja wa nyumba zote. Tarehe 2 Julai 2021, wahalifu walitumia udhaifu katika Kaseya VSA, mfumo wa aina hiyohiyo, wakasambaza programu hasidi ya kudai fidia kupitia kampuni za huduma kama yako. Kampuni yenyewe ilikadiria kwamba biashara zilizoathirika ni kati ya 800 na 1,500. Ukinunua, kuingia kuwe kwa hatua mbili bila msamaha kwa yeyote, na akaunti ya mfumo huo isiwe na uwezo wa kufuta nakala rudufu. Nakala zihifadhiwe kwa akaunti nyingine kabisa, walau seti moja isiyofutika kabla ya siku kadhaa kupita.

Kwa masasisho, sishauri yajiendeshe bila jicho, wala sishauri yangoje ruhusa yako moja moja. Wanaosema “usisasishe kitu kinachofanya kazi” wakumbuke kwamba Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliotumiwa na WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaja tarehe 12 Mei. Walikuwa na karibu miezi miwili. Wanaosema “sasisha kila kitu saa ileile” wakumbuke tarehe 19 Julai 2024, ambapo sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Njia inayoheshimu matukio yote mawili ni makundi. Kundi la kwanza liwe kompyuta zenu wenyewe na mashine moja au mbili kwa kila mteja, siku hiyohiyo au kesho yake. Zikikaa salama siku tatu hivi, kompyuta nyingine zifuate. Seva ziwe za mwisho, ndani ya wiki moja au mbili. Udhaifu ambao tayari unashambuliwa usingoje makundi hayo. Huo unashughulikiwa kwa mkono, usiku huohuo, mtu akiwa macho.

Na chunga hesabu ya siku. Microsoft hutoa masasisho yake ya kila mwezi Jumanne ya pili, tangu Oktoba 2003. Ukipanga yako “Jumatano ya pili” ukidhani ndiyo kesho yake, mwezi ukianza Jumatano utakuwa umetangulia: Jumatano ya pili itakuwa tarehe 8, na Jumanne ya pili tarehe 14. Panga kwa kuhesabu siku tangu Jumanne ya pili yenyewe. Na sasisho linalongoja kuwasha upya lihesabu kuwa halijawekwa.

Yote haya yanahitaji mteja ajue. Mkae naye muandike ukurasa mmoja: siku na saa mnazoruhusiwa kugusa seva, siku ambazo ni mwiko, kwa mfano siku za kulipa mishahara na za kufunga hesabu za mwezi, na nani apigiwe simu saa kumi alfajiri mambo yakienda kombo. Ukurasa huo utaokoa urafiki wenu kuliko skripti yoyote.

Kuna nyakati ambazo ratiba haifai na mtu lazima afike. Seva ambayo haijawashwa upya kwa mwaka au zaidi usiiwashe upya ukiwa mbali kwa mara ya kwanza. Mtu awe mbele yake, mchana wa siku ya mapumziko, akiwa na nakala iliyojaribiwa. Diski ikianza kutoa taarifa za sekta mbovu au sauti ngeni, simamisha kazi zote nzito kwenye mashine hiyo, kwa maana ukaguzi wa virusi unaweza kuimaliza, na ukae na fundi wa vifaa. Hifadhidata ikionyesha kuharibika, mtafute mtaalamu wa hifadhidata hiyo kabla hujajaribu amri za kutengeneza ulizozikuta mtandaoni. Na ukiona faili zinabadilika majina au hazifunguki kwa mteja yeyote, itenge mashine na mtandao mara moja, usiizime, kisha usimamishe kazi inayofuta nakala za zamani kwa wateja wote. Ratiba itakayoendelea kwa utiifu itadurufu faili zilizofungwa na wahalifu na kufuta zile nzima kadiri siku zinavyopita. Hapo waite watu wa usalama wa mitandao wafike wenyewe.

Wiki hii fanya hivi. Usihamishe saa yoyote bado. Chukua nakala ya mwisho ya kila mmoja wa wateja wako kumi na wanne, uirejeshe pembeni, uandike tarehe ya data iliyomo na muda uliotumika kuirejesha. Utakayemkuta bila nakala nzima, tengeneza moja siku hiyohiyo kwa mkono, na umwambie kwa maandishi kilichotokea na tangu lini, kabla hajakuuliza. Kisha anza kujenga mnyororo kwa mteja mmoja tu, aliye mdogo zaidi, uuache utembee wiki mbili, na katikati ya wiki hizo ubadilishe nenosiri la hifadhidata kwa makusudi usiku mmoja. Asubuhi yake mwangalizi wako asipopiga kelele, usiende kwa mteja wa pili.